Binti Anasoma Historia, Mimi Nimefunga Mdomo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana jambo hili limenikaa kooni na hapa kwangu hakuna wa kumwambia. Mimi ni mama mshonaji, nashona sare za shule sebuleni kwangu, mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na nina binti mmoja tu ambaye tangu ajue kusema tulimwita Kwanini, kwa sababu ukimwambia kaa anauliza kwa nini, ukimwambia kula anauliza kwa nini, basi ili nipate kumaliza kazi za watu nilikuwa namkalisha chini ya meza ya cherehani aokote pini kwa sumaku, na mimi huku nakanyaga kanyagio namhadithia habari za kale.

Habari hizo nilizitoa katika kitabu cha historia nilichokisoma kabla masomo hayajanikatikia njiani, kitabu chenyewe kimechanika kurasa za katikati, kinatoka kwa Mafarao kinaangukia kwa Wamongolia na farasi wao, na mimi palipokosekana nikaunga mwenyewe kama ninavyounga kitambaa kisichotosha, Farao akamwoza binti yake kwa mfalme wa Wamongolia, askari wa Kirumi wakaja harusini wakachoma mahindi, na mtoto anacheka chini ya meza mpaka anamwaga pini. Ee mshauri, siku zile! Mvua inapiga bati, chumba kinanuka nguo mpya na mafuta ya cherehani, tuko wawili tu na dunia nzima imo mle ndani. Ningepewa siku moja ya maisha yangu niirudie, ningechagua mojawapo ya hizo, hata siku ya harusi yangu isingefua dafu.

Sasa Kwanini yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho, anasoma historia, na mimi nilitembea kifua mbele mtaa mzima. Likizo iliyopita akaja na wenzake wawili, nikawapa chai, nikanogewa, nikaanza ile ya harusi ya Farao, wale watoto wakatazamana, mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mama, chanzo chako ni kipi?" na kabla sijajibu binti yangu akasema, "Msimsikilize mama, anabuni tu. Kati ya Farao wa mwisho na Wamongolia ni zaidi ya miaka elfu moja, na hayo mahindi Warumi hawakuyajua, yalikuwa bado ng'ambo ya bahari." Wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tangu hapo sihadithii kitu, akipiga simu ni umekula, nimekula, haya usiku mwema. Juzi amepiga anasema wanatakiwa wachague eneo moja la dunia na zama moja za kufanyia utafiti wa kumalizia, wapeleke mwisho wa mwezi, "Mama, wewe ungechagua wapi?" Nikamjibu, "Mimi mshona sare najua nini? Waulize maprofesa wako," nikakata simu, na tangu nikate sijashona hata pindo moja likanyooka. Je, nimekosea? Au mtoto akishasoma ndiyo basi tena, mama anabaki wa kuulizwa kama amekula?

Mama mshonaji

JIBU

Mama Kwanini, pole. Kuchekwa nyumbani kwako, na watu wanaokunywa chai yako, kunauma. Binti yako alikosa adabu, na ukimpata mwambie hivyo hivyo, kwamba iliuma. Usimwachie abahatishe.

Nimemaliza kukuhurumia, sasa tusemezane. Umemlea mtoto kwa maswali miaka yote hiyo, leo anauliza unanuna? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na uongo wako, mama, ulikuwa uongo. Mtamu, lakini uongo, na ulijua. Hata hivyo jiulize: wenzake wamekimbilia uhasibu na sheria, yeye hamu ya kukesha na habari za watu waliokufa zamani kaipata wapi? Si kwa maprofesa. Alikwenda kutafuta zile kurasa zilizokosekana kwenye kitabu chako, na alipozipata akakosea namna ya kukuletea, akakurushia mbele ya wageni.

Halafu ile simu. Msichana mwenye walimu na maktaba nzima kawaacha wote kampigia mama yake. Yule alikuwa anaomba radhi! Hawa wasomi wetu neno samahani huwa wanalizungusha mpaka linapoteza njia. Wewe ukamkatia. Hapo ndipo ulipokosea, tena sana. Mtoto akikunyea kiganjani, hukikati kiganja.

Mpigie leo. Piga, usitume ujumbe, na usianze na umekula. Mwambie akueleze ilikuwaje kati ya Mafarao na Wamongolia, kisha nyamaza umsikilize, na akitaja jambo usilolielewa muulize kwa nini. Siku za chini ya meza hazirudi, mama. Ana miguu mirefu sasa, hata haingii. Zililie kidogo, ni haki yako, kisha ushike simu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu la swali lake, wewe ungechagua wapi, sikuliona. Najua unalo. Mtu hasimulii dunia miaka yote hiyo akakosa kona yake anayoipenda. Usiniandikie mimi. Mwambie yeye, kabla ya mwezi kwisha.