Jina nililoliacha kwenye menyu

Safiya, uko wapi? Bosi Mayala kanifokea mbele ya wachimbaji waliotoka Geita kufuata majibu ya mawe yao.

Seva ya maabara imegoma kuwaka, eti mimi ndiye nimeiua. Mimi. Wakati apdeti ya mfumo kaiweka mwenyewe asubuhi, wala hakuniambia.

Fundi wake anasema tufomati, yaani tufute kila kitu tuanze upya. Diski nzima imefungwa kwa paswedi, ukifomati majibu ya watu ndiyo basi tena. Nikamwambia, "Kaka, toa mkono hapo."

Si unajua kila jioni kabla sijatoka naweka nakala ya mfumo? Nikawasha upya, nikaandika paswedi, kwenye menyu inayotokea kabla mfumo haujawaka nikachagua nakala ya jana. Dakika mbili ikawaka, majibu yote yapo.

Unajua Mayala kasema nini? "Kumbe kitu kidogo." Kitu kidogo, Safiya. Samahani hakuna.

Basi ule mfumo alioharibu sijaufuta, nimeubadilisha jina tu. Sasa kila ikiwashwa seva, menyu inaonyesha kwa herufi kubwa: MAYALA-ALIGUSA.

Kaniamuru nifute. Nimemwambia afute mwenyewe, si anajua kuweka apdeti.