Kibao Mlangoni kwa Ayo

Bulla Pesa,
Isiolo.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Abiba,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kwa mikono miwili, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa wake. Mko salama huko Winnipeg? Shemeji amepata nafuu ya mgongo? Na yule kitinda mimba, ameacha kukohoa? Nasikia baridi yenu huanza kubisha hodi mwezi huu. Ungetutumia kidogo kwenye bahasha, maana jua la Isiolo mwaka huu limekosa adabu kabisa.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Ubah mke wangu anakusalimu sana. Watoto wako shuleni. Mvua bado, lakini kisima cha jirani hakijakauka, kwa hiyo hatujalia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ziko. Nimempa Nasteha, binti ya mjomba, anayerudi huko wiki ijayo, akukabidhi mkononi. Najua uliona ile picha kwenye kundi la familia la WhatsApp, na uliona pia kwamba nilijitoa kundini siku hiyo hiyo bila kuaga mtu. Umenipigia mara sita, sikushika. Sikuwa na sauti, dada. Kalamu angalau haina macho ya kunitazama.

Jambo lenyewe linamhusu Ayo. Usishtuke, mama yetu ni mzima kuliko mimi. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wangu ni aibu.

Mwezi wa sita nilichaguliwa katibu wa kamati ya kuwaalika wasanii waje waonyeshe kazi zao hapa mjini. Si ndani ya ukumbi, bali nje, kwenye ule uwanja mtupu mkabala na soko, mahali mchuuzi na mwenye mbuzi wanapita bila kulipa kiingilio. Mwenyekiti wetu ni Mzee Wambugu, yule mwenye duka la mabati na misumari. Tulikubaliana kila kazi ikae siku ishirini na moja, kisha mwenyewe aibomoe aondoke nayo, asiache hata alama. Mwaliko niliuandika mimi. Unanijua na maneno. Nilichomeka hata methali, "mwacha asili ni mtumwa," nikaisoma mara tatu kwa sauti na kujipongeza.

Redio ikautangaza kwa Kiborana. Anayejua kutengeneza kitu kizuri kwa mikono yake, kikakaa siku chache, kisha akakiondoa bila kuacha alama, aje Isiolo. Ayo akausikia akiwa kwake Merti, akawaambia majirani kwamba watu wa mjini hatimaye wamepata akili, wanaitafuta nyumba yetu ya mikeka. Na kusema kweli hakukosea. Wanawake wetu wamefanya nini kingine tangu zamani? Wanajenga, wanaishi, wanakunja mikeka, wanapakia ngamia, na walipokuwa panabaki majivu tu. Kati ya wote waliousikia mwaliko wangu, yeye ndiye aliyeuelewa kuliko mimi niliyeuandika.

Alifika na pikapu ya Merti, siku moja kabla ya ufunguzi, bila kuniarifu. Mimi nilikuwa uwanjani nimevaa tai, nikimtembeza Kui, yule mama wa Nairobi aliyekuja kuwapangia wasanii nafasi zao. Ayo akateremka na vumbi mpaka kwenye kope, fito begani, akimfokea dereva kwa Kiborana asiikanyage mikeka yake. Sikumkimbilia kumpokea mzigo. Nilimpungia mkono kwa mbali, nikamwonyesha kwa kidole njia ya nyumbani, kama mtu anayemfukuza kuku bila kutaka wageni waone. Hakwenda. Alianza kupima ardhi kwa hatua zake.

Bahati yake, au yangu mbaya, msanii mmoja wa Nakuru alikuwa amekosa kufika na nafasi ilikuwa wazi. Mzee Wambugu akafurahi, akaleta vibarua watatu wa duka lake wamsaidie. Wa kwanza kushika ufito alipigwa na Ayo kofi mkononi. "Wacha hiyo mti! Nyumba hii si ya mwanaume. Mwanaume anaingia ikiisha." Watu wakacheka. Ayo akawaita akina mama wauza maziwa kutoka sokoni, na alasiri nyumba ilikuwa imesimama, imeinama vizuri kila upande, mikeka imefungwa kwa zile kamba alizozisokota yeye mwenyewe. Alikuwa akizikaza kwa meno, huku akiimba, mbele ya kamera za Nairobi. Mimi nilikuwa nikitoka jasho.

Hapo ndipo Kui aliponiuliza, "Huyu mama ni nani? Unamjua?"

Nikasema, "Ni mama mmoja tu wa Merti. Simjui vizuri."

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu nikatoka nje. Sasa nimerudi.

Ubah aliponiuliza kwa nini nilimkana, nilimwambia kwamba kanuni za kamati zinakataza ndugu wa mwanakamati kushiriki. Ni kweli, kanuni iko, na niliiandika mimi. Lakini wewe nakupa sababu ya kweli, kwa sababu ulinilea mgongoni. Nilimwonea aibu. Nilionea aibu harufu ya moshi kwenye shuka lake, na sauti yake kubwa, na yale meno kwenye kamba. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni hawa kwamba utamaduni wetu ni hazina, na hazina ilipokuja kwa miguu yake nikajificha nyuma ya faili.

Haikuishia hapo. Kila kazi ilipaswa kuwa na kibao chenye jina la msanii. Mwandishi wa vibao ni Mutea, yule Mmeru mwenye karakana karibu na steji, mtu mpole asiyejua ukoo wetu. Akaja kuniuliza jina la mama wa nyumba. Kui alikuwa amesimama karibu. Kama ningetaja jina la Ayo, Racho Jattani, lenye jina la babu ambalo mimi nimerithi, Kui angeniuliza tena. Nikamwambia Mutea aandike hivi: "Nyumba ya Kiborana. Msanii: Hajulikani."

Dada, watu walimiminika. Kulikuwa na ngamia wa vyuma chakavu wa Lomorukai, kijana wa Oldonyiro, na kulikuwa na picha kubwa iliyotundikwa kwenye ukuta wa soko, lakini foleni ilikuwa kwa Ayo. Alikuwa akilala humo humo, akisema nyumba isiyolaliwa ni kikapu. Alitundika gorfa lake, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, ndani, akawa anawapikia chai wanaoingia, na wazee waliohamia mjini zamani walikuwa wakikaa humo bila kutaka kutoka. Jioni alikuja kwangu kuoga na kula, akitusimulia yote mimi na Ubah. Uwanjani nilikuwa nikipita mbali.

Na kile kibao, Abiba. Yeye hajui kusoma. Kila asubuhi alikipangusa vumbi kwa ncha ya shuka lake, na kila aliyeingia alimwonyesha akisema, "Jina yangu iko hapa." Wauza maziwa wanaojua kusoma walinitazama, wakamtazama yeye, wakarudi kwenye maziwa yao. Hawakutaka kuwa wao wa kumwambia. Nilikuwa na siku ishirini na moja za kumpa Mutea kibao kingine. Kila siku nilisema kesho.

Siku ya kufunga kulikuwa na hema, viti na vipaza sauti. Mimi nilikaa meza kuu. Ayo alikaa nyuma kabisa na wenzake, amevaa ile nguo ya kijani uliyomtumia Idi. Kui akasimama akasema kazi iliyopendwa zaidi ni nyumba ile, na kwamba wangependa kumwalika aliyeijenga akaisimamishe Nairobi, ila kwenye kumbukumbu za kamati hana jina. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayemjua mama huyo.

Ayo alisikia maneno "hana jina" akaona kuna kosa. Mutea alikuwa amesimama karibu naye. Ayo akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye kibao, akamwambia asome. Mutea akasoma. Ayo akamuuliza ni nani aliyemwambia aandike vile, na Mutea, bila ubaya wowote, akaninyooshea kidole. "Ni huyu Jattani wa kamati."

Watu wote walikuwa bado wanangoja jibu la Kui. Nilikuwa na kinywa, na kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Nikainamia karatasi zangu kana kwamba kuna hesabu iliyonishinda.

Ayo hakupiga kelele. Alianza kufungua kamba. Akina mama wa maziwa wakainuka mmoja mmoja wakamsaidia, na hotuba zikafa zenyewe, watu wakageuza viti kutazama. Mikeka ikakunjwa. Fito zikafungwa. Akafukia mashimo kwa mguu, akafagia kwa matawi, akachukua kibao akakiweka juu ya mzigo. Wasanii wengine waliacha misumari na rangi tukaokota siku tatu. Yeye peke yake ndiye aliyetimiza kanuni. Kisha akapanda pikapu ya Merti bila kupita nyumbani. Ile picha uliyoiona, ya Ayo ameketi juu ya fito na kibao mapajani, ilipigwa na binti wa mmoja wa wauza maziwa, na maneno aliyoandika chini, "Mama yake Jattani, hajulikani," sina haki ya kuyalalamikia.

Nilimweleza Kui ukweli kesho yake, na nilijiuzulu ukatibu. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Wiki tatu nilitafuta sababu za kutokwenda Merti: kazi, barabara, homa ya mtoto. Ijumaa ya juzi nikaenda.

Nyumba nimeikuta imesimama pale pale pake karibu na mto. Kibao amekifunga kwa kamba kando ya mlango, maandishi nje, akatundika gorfa kwenye pembe yake. Kila anayejua kusoma pale Merti amekisoma. Majirani walikuwa wameketi ndani. Nikapiga hodi.

Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinikaribisha vizuri sana. "Karibu mgeni." Alinitandikia ngozi ya wageni, upande wa mlangoni, si kule ndani kwake nilikozoea kujitupa tangu utotoni. Akanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Kisha akaniuliza yale mgeni anayoulizwa, kwa utaratibu wake, nimetoka wapi, huko kuna amani, mvua imenyesha. Nikajibu yote. Akafika kwenye swali la mwisho, lile unalolijua.

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Majirani wakaacha kunywa chai. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa Racho."

"Racho yupi?"

"Racho wa Merti. Msanii. Ndiye aliyejenga nyumba Isiolo."

Akaniongezea chai. "Huyo namjua," akasema. "Ila mtoto wake hatujaonana bado."

Nililia mbele ya majirani, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipotaka kuondoka nilimwomba nichukue kibao, Mutea akiandike upya. Akakataa. Alisema kibao ni kizuri, kinashika gorfa vizuri. Akanisindikiza hatua chache, kama mgeni anavyosindikizwa, akaniombea safari ya amani. Mwaliko wa Nairobi aliukubali, Kui alimpigia mwenyewe. Kwenye fomu wamemuuliza jina la ndugu wa karibu, na ameandikisha lako.

Sikuandiki uniombee msamaha. Usimbembeleze kwa ajili yangu, nakuomba. Nilitaka tu usikie kutoka mdomoni mwangu, si kwa picha. Nitarudi Merti Ijumaa ijayo, na inayofuata, nikae kwenye ngozi ya wageni na kujibu maswali mpaka atakapochoka kuuliza.

Nisalimie shemeji, mpwa wangu Abdirahman, na huyo mdogo mwenye kikohozi. Mwambie mimi mjomba wake nina mbuzi wake mweupe hapa anamsubiri. Ubah anasema usisahau ile dawa ya macho ya mama yake. Mwenyezi Mungu awalinde katika baridi hiyo, awape riziki ya halali, na asiwape watoto wako macho ya kukuonea aibu.

Na ukimpigia Ayo simu, akakuambia kuna mgeni fulani siku hizi anakuja kila Ijumaa, ujue ni mimi.

Wako akupendaye daima,
Jattani, mtoto wa Racho