Mama Usicheke na Kamera Inayotafuta Macho

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu, na baada ya salamu naomba msaada, maana jambo hili nimelibeba peke yangu kwa miezi minne na mabega yamechoka. Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu chenye dirisha kubwa upande wa kushoto na pazia la kijivu ukutani, na mtaa mzima unaniita Mama Usicheke kwa sababu mteja akishakaa kwenye kigoda mimi humwambia kwa ukali, "Usicheke!", na hapo hapo anashindwa kujizuia, anacheka, nami nabofya. Sijisifu, au basi nijisifu kidogo: watoto niliowapiga picha wakiwa na nepi leo wananiletea watoto wao, na ukiingia sebule yoyote huku kwetu utakuta kazi ya mkono wangu ukutani.

Kamera yangu ninayo mwaka wa kumi na saba huu. Sijawahi kuiachia itafute fokasi yenyewe, nazungusha pete ya lenzi kwa vidole vyangu mpaka kope zionekane moja moja, na nimezoea kuwaambia watu kwamba kamera ni mwiko tu, mpishi ni mwingine. Sasa kuna mwenzangu wa fani, studio yake iko ghorofani juu ya duka la viatu, wanamwita Bwana Flashi, mtu mzima mwenye kipara na adabu zake. Alinunua kamera mpya, ile inayotafuta macho yenyewe, ukimweka mtoto mbele yake kiboksi kidogo kinakaa kwenye jicho, na mtoto akikimbia kiboksi kinamfuata, akaja kunionyesha kwa furaha, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mbele ya wateja, "Kumbe siku hizi kamera ndiyo fundi, wewe ni stendi yake tu!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, lakini tangu siku ile hajakanyaga kwangu.

Haikupita miezi miwili yakanifika mwenyewe. Mama mmoja mfamasia alikuja na mwanawe wa miaka mitatu, nikampiga picha, akaichukua akaenda zake, kesho yake akarudi, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Mama, sikio la mwanangu limetoka vizuri sana. Uso wake ndio siuoni."

Nikaitazama, nikaiona nzuri. Nikamwambia mtoto wake ndiye aliyetikisika, hajafundishwa kutulia, na nikaongeza maneno mengine ya malezi ambayo naona haya kuyarudia hapa. Alimbeba mtoto akaondoka, na ile picha akaiacha.

Mume wangu ni fundi bomba, hajui hata kifuniko cha lenzi kinafunguliwaje. Aliporudi kazini nikampa ile picha nikamwuliza anaona nini. Akaisogeza dirishani, akasema, "Sikio." Nikampa ya juzi. "Kola ya shati." Nikampa ya bibi harusi wa wiki iliyotangulia, akasema kwa upole, "Mke wangu, hereni hii imetoka mpaka naona sonara alipokosea." Nikamvua miwani yake ya kusomea, nikaivaa, nikaona. Mshauri, nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikalia kama mtoto.

Tangu hapo kila anayebisha hodi namwambia kamera iko kwa fundi. Nina akiba ya kununua kitu kimoja, nikaenda duka la mbali nisikojulikana, muuzaji akanipangia mezani mambo matatu. Kwanza kamera kubwa, nzito kama tofali, akasema hiyo ni ya mabingwa na mtu wa umri wangu anastahili kamera inayoheshimiwa. Pili ya wastani, inayofanana na ile ya Bwana Flashi, inayotafuta macho. Tatu nibaki na kamera yangu ninunue lenzi mpya ya picha za uso, ile inayofanya pazia la nyuma liwe kama moshi. Moyo unataka ile kubwa ili watu waseme Mama Usicheke kapanda daraja, mkono ulitulia kwenye ya wastani, na aibu inanivuta kwenye lenzi kwa kuwa hakuna atakayegundua.

Na muda sina, maana mwisho wa mwezi mama yangu anatimiza miaka tisini, na binti yangu amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo mama sasa ana kitukuu, na tunataka vizazi vinne vya wanawake kwenye picha moja. Nilimdokeza mama kwamba labda tumwite mpiga picha mwingine, akanikata kauli: "Nimezaa mpiga picha wangu mwenyewe. Mgeni wa nini?" Nikiiharibu picha ile, mtu wa miaka tisini humwambii arudi mwakani. Ninunue ipi? Na nikinunua ya kutafuta macho, nitapita wapi watu wasinione?

Mimi,
Mama Usicheke

*

Mama Usicheke,

Pole, na hongera. Pole kwa miezi minne ya kujificha ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hongera kwa ile miwani, kwa sababu wengi wakirudishiwa kazi hugombana mpaka kaburini, lakini wewe uliomba macho ya mtu mwingine ukatazama.

Sasa nikuseme kidogo. Yule mfamasia alikuja kwa heshima, na wewe ukamfundisha malezi kwa kosa lililokuwa lako. Habari za kamera zitasubiri. Nenda dukani kwake ukamwombe radhi, na usiende na visingizio mkononi. Mwambie, "Macho yangu yalikosea, mdomo wangu ukakosea zaidi."

Ukitoka hapo, nenda hospitali ya macho kabla hujaenda duka la kamera. Umenasa nyuso za watu miaka yote hii kwa macho hayo hayo. Yakichoka yapumzishe kwa miwani, kama yangu ninayoivaa ninapokuandikia. Nani alikuambia miwani ni aibu?

Kuhusu ununuzi, sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, nikaipeleka barua yako kwa mama mmoja anayetengeneza kamera, ambaye hufungua vinati vidogo kama mbegu za ufuta. Aliisoma mara mbili. Ile kubwa aliikataa papo hapo. Wewe unapiga familia, maana yake utapiga magoti, utalala sakafuni, utamkimbiza mtoto kuzunguka meza, na kamera nzito huishia kabatini ikiheshimiwa na vumbi. Lenzi mpya pia aliikataa. Lenzi ya namna hiyo ina ukanda mwembamba wa fokasi, ukilikosa jicho kwa upana wa kidole umelikosa kabisa. "Kwa macho aliyo nayo sasa," akasema, "atapata masikio mazuri kuliko yote mjini."

Basi chukua ile ya wastani. Mwambie muuzaji akutafutie pete ya kuunganishia lenzi zako za zamani, maana zina uhai bado, ila uulize kama kiboksi cha macho kitaendelea kufanya kazi zikiwa zimefungwa. Usiijaribu kwa kupiga picha rafu za duka, rafu hazikimbii. Nenda na mtoto yeyote wa jamaa asiyejua kukaa, mwache azunguke, bofya mpaka uridhike. Na umwulize muuzaji mlio unavyozimwa, usije ukamwamsha kitukuu wa watu.

Unaogopa watasema kamera ndiyo fundi. Mama, kamera itajua jicho liko wapi, lakini haitajua lini linataka kucheka. Hilo unalijua wewe, na limekupa jina.

Kisha nikahesabu. Umeandika vizazi vinne: mama yako, wewe, binti yako, mjukuu wako. Ukisimama nyuma ya kamera vinabaki vitatu na pengo katikati. Nani atabofya? Naomba unielewe vizuri hapa: utapanda zile ngazi juu ya duka la viatu. Ulimtania Bwana Flashi mbele za watu, basi umwombe radhi mbele za watu. Halafu umwombe aje. Kigoda utaweka wewe, mwanga wa dirisha utaupanga wewe, pazia utalinyoosha wewe, yeye atoe kidole tu. Mama yako akiuliza habari za mgeni, mwambie mpiga picha ni yule yule aliyemzaa, leo amepewa nafasi ya kukaa.

Nunua Jumatatu. Wiki mbili za mazoezi zinakutosha.

Mshauri wako

*

(Wiki tano baadaye tulipata mistari hii.)

Mshauri wangu,

Miwani ninayo, ya fremu nyekundu, mume wangu anasema nimekuwa kama mwalimu mkuu. Kamera nilinunua ile ya wastani. Siku tatu za kwanza nilitaka kuirusha dirishani kwa vitufe vyake, siku ya nne nikampiga mtoto wa jirani akiruka kutoka kwenye kiti, kope zote zikahesabika.

Mfamasia alinisikiliza huku akifunga dawa za mteja, nikadhani ananipuuza. Alipomaliza akasema, "Jumamosi saa nne. Na baba yake mtoto tutamleta."

Bwana Flashi nilimkuta na wateja watatu, nikasema niliyopaswa kusema, mbele yao wote. Akanivutia kiti. Akasema, "Mama, mimi fani hii niliipenda kwa kuona picha uliyompiga marehemu dada yangu." Miaka yote hiyo sikujua.

Alikuja. Mama yangu alikaa kwenye kigoda, kitukuu mapajani, binti yangu kulia kwake, mimi kushoto, na nilihangaika sijui mikono naiweka wapi, mimi ambaye nimewaambia watu maelfu waiweke wapi. Mama akanishika mmoja akaufunika kwa wake. Bwana Flashi akabofya.

Picha sasa iko chumbani kwa mama, karibu na kitanda. Muuguzi anayekuja kumpima presha ameshaonyeshwa mara tano. Mama hamwonyeshi kitukuu, wala hajionyeshi yeye mwenyewe na miaka yake tisini. Anaweka kidole juu yangu.

"Huyu ndiye mpiga picha," anasema. "Kazi yote hii ni yake. Na safari hii yumo."