Kwetu N Ilikuwa Ndiyo

Kaka yangu Idi,

Naanza na ugomvi, maana nikianza na salamu nitalia kabla sijafika popote. Ule mchezo wako wa meli ulikuwa mchezo wa uongo. Nilikuambia wakati ule ukanicheka, leo nakuandikia. Bahari yake haikuwa na wimbi hata moja. Bandari zote zilikupokea, ukishusha karafuu unapakia chuma, ukishusha chuma unapakia nguo, na hakuna aliyekuuliza umetoka wapi wala karatasi zako ziko wapi. Mtu akicheza mchezo kama huo miaka miwili mfululizo, ataacha kuamini kwamba dunia inafunguka kama mlango wa jirani?

Anwani yako sina. Ndiyo maana naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, huenda mmoja wao anakaa ulipo.

Unakumbuka siku kompyuta ilipofika Tandika? Shirika alilokuwa akifanyia kazi baba lilikuwa limefungwa, na siku ya mwisho makarani waliambiwa kila mmoja achukue kitu kimoja cha ofisini. Wenzake walibeba makabati na mafeni. Baba, miaka yote hiyo karani wa masjala, akaja nyuma ya mkokoteni na kompyuta iliyofungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Mama akamwuliza ya nini. Akajibu, "Walisema hii ndiyo itafanya kazi yangu. Basi ikae kwangu niione inavyofanya."

Majirani walidhani ni televisheni. Mama Shufaa wa nyumba ya pili alikaa mkekani nusu saa nzima akisubiri taarifa ya habari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mama yetu akaifumia kitambaa cha waridi, kwa sababu nyumbani kwetu kitu kisichokuwa na kitambaa kilihesabiwa kuwa uchi. Wewe ukaenda Kariakoo kwa rafiki yako fundi redio, ukarudi na diski tano mfukoni mwa shati. Nilikuwa darasa la sita. Sikuwahi kukupenda kama nilivyokupenda jioni ile.

Baba alikuwa na mchezo mmoja tu, ule wa karata wa kucheza peke yako. Kila asubuhi saa mbili kamili alikaa mbele ya kioo akiwa amevaa shati la pasi, na saa tisa na nusu alasiri akasimama, akajinyoosha, akafunika kitambaa. Kioo chetu kilikuwa kijivu, nyekundu na nyeusi zote rangi moja, kwa hiyo alikuwa anasogeza uso karibu kutambua kopa na jembe. Nilikuwa nasema ule ni mchezo wa wavivu. Usemi huo naufuta. Ule ulikuwa mchezo wa mtu anayehitaji pa kukaa mpaka saa za kazi ziishe, na kwa kazi hiyo sijaona mchezo bora kuliko huo.

Wa magari sikuupenda na mpaka leo siupendi. Barabara nzima ya kwako, haina shimo, haina mbuzi, haina mwenye baiskeli aliyepakia tenga la kuku. Aliyeutunga hajawahi kufika Buguruni. Wa matofali yanayoanguka ulikuwa mzuri, lakini mama aliuharibu siku aliyosimama nyuma yetu na mwiko mkononi akasema, "Huu si mchezo, hivi ni vyombo vya shughuli. Unaosha, wanaleta." Tangu hapo nikiucheza mikono yangu inanuka sabuni.

Wangu ulikuwa wa mabomu. Ule wa vyumba vidogo vidogo, unafungua kimoja, namba inakuambia mabomu mangapi yamekizunguka. Wewe ulisema ni bahati, mie nikasema ni hesabu, na tukagombana mpaka chai ikapoa. Bado nasema ni mchezo wenye heshima kuliko yote, maana namba zake hazidanganyi. Ila una ubaya mmoja. Pengine unafika mwisho, vimebaki vyumba viwili, na namba zote zimenyamaza. Kimoja kina bomu, kingine hakina, na hakuna hesabu ya kukusaidia. Hapo ndipo ulipokuwa unasukuma kiti na kuniita.

"Bonyeza wewe," unasema. "Mie roho yangu nyepesi."

"Nikilipua?"

"Ukilipua nitasema ni wewe."

Nikabonyeza. Mara nyingi nililipua, na hukuwahi kusema ni mimi.

Ila siku ya meli yako ulinuna. Ulikuwa umesafiri nayo wiki tatu, unasevu kila jioni kabla mgao wa umeme haujatukuta, na siku hiyo ulikwenda msikitini ukaniachia usukani. Taa ikaanza kufifia. Nikaogopa, nikataka kutoka haraka, mashine ikaniuliza kwa Kiingereza kama nataka kusevu, ikaweka Y na N nichague. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabia na kuimbia. Nikaona N, nikasema hiyo ni Ndiyo, nikabonyeza. Uliporudi meli haikuwepo, wala karafuu, wala bandari hata moja.

Siku mbili hukusema nami. Ya tatu ukaja na plasta ya kufungia vidonda, ukaibandika pembeni ya kioo, ukaandika kwa kalamu ya wino: N NI NDIYO. H NI HAPANA. MENGINE NI YAO. Ukanipa kiti. Hapo ndipo tulipokuwa watu wa nyumba moja tena.

Na kutoka kwenye plasta ile herufi zikatembea nyumba nzima. Mama akiuliza, "Umekula?" mtu anajibu, "N." Baba akiuliza kama tumeswali, "N." Ukitumwa dukani na hutaki, unasema "H" ukiwa umeshaanza kukimbia. Ulijisomea kile kitabu kilichokuja na mashine mpaka ukajua kuiandikia programu, ukawa unaniachia maswali kwenye kioo. NANI KALA MUHOGO WANGU, NI WEWE? Naandika N, mashine inajibu, MWIZI MKWELI. Mambo ambayo watu wengine huambiana kwa mdomo, wewe uliyapitisha huko. Nilidhani ni utani. Sasa najua kwamba mengine yalikushinda kuyasema ukinitazama.

Nilipomaliza shule nikaenda Mwenge kwenye kozi ya kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mkali, mwenye rula. Siku ya kwanza nikajibu N kwa Ndiyo, mafaili ya darasa yakapotea, akanisimamisha mbele ya wenzangu. "Hapa si kwenu," akasema. "Y ni Yes. N ni No. Rudia." Nikarudia mara ishirini, darasa linacheka. Ile aibu iliniingia. Kufika mwezi wa tatu vidole vyangu vilikuwa vimeshasahau plasta, na nilijiona msomi.

Wewe mwaka ule hukuwa na kazi. Ulikuwa unakwenda bandarini kutafuta kibarua, unarudi na habari za vijana waliozamia, waliojificha kwenye meli za mizigo na kuibukia nchi ambazo sie tulizijua kwa mchezo tu. Mama akikusikia alikuwa anasema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Ulikuwa unacheka, unamsaidia kuchambua mchele.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Nilirudi kutoka Mwenge saa kumi, nyumba kimya, kitambaa cha waridi kimekunjwa juu ya kiti, kioo kinawaka. Pameandikwa neno moja.

NIENDE?

Nilijua unauliza nini. Nikakipakata kitambaa, nikakaa. Nikafikiri, kaka yangu ananiachia chumba cha mwisho tena, na safari hii namba naijua, hapa kuna bomu. Nikabonyeza N kwa nguvu, kama nilivyofundishwa kwa rula. Mashine ikajibu: SAWA. NIMEKUSIKIA. Nikapumua. Nikaacha kioo kinawaka ili ukirudi uone, nikaenda kuteka maji huku naimba.

Asubuhi yake tulikunywa chai pamoja ukumbini. Ulikuwa na uso mwepesi ambao sikuwa nimeuona kwako muda mrefu.

"Ahsante kwa jibu lako," ukasema. "Umenitua mzigo."

"Mie nilijua utanisikia."

"Nisingeweza bila wewe."

Tukacheka wote wawili, kila mtu na lake. Ukachukua shati lako la kibarua, ukamwambia mama, "Nakwenda bandarini," na hukumdanganya.

Siku ya tatu alikuja yule rafiki yako fundi redio, akamwamkia baba shikamoo mara mbili kabla hajaweza kusema. Meli imeondoka, nawe umo ndani. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

Nilikuchukia, Idi. Bora niseme. Nilisema ulinichezea, uliniuliza ukiwa umeshaamua, ukanipa ahsante ya kunifumba macho. Majuma matano sikuigusa ile mashine. Mpaka mchana mmoja jikoni, mama ananipa kisogo, akaniuliza, "Zuhura, umekula?"

Nikamjibu, "N."

Alichota wali akauweka chini ya kawa, maana mwenye kula keshakula, na mie nikabaki nimesimama na mdomo wangu. Nilikuwa nimesema N, na nyumba nzima ilikuwa imeelewa.

Baba alikuwa kwenye karata zake. Nikasubiri mpaka saa tisa na nusu, akaondoka kwenye kiti, nikaiwasha programu yako upya. NIENDE? Nikaandika Y, kama wa Mwenge. Ikanijibu: ANDIKA N AU H. Y hukuiweka kabisa. Hukuwahi kufikiri kwamba nitakuja na herufi za watu. Nikaandika H.

BASI SIENDI. WASHA MELI, ZAMU YAKO.

Hilo ndilo jibu ulilokuwa umeniwekea tayari, lilikaa mle ndani majuma yote hayo, na lilitaka kidole kimoja tu. Nililia mpaka nikaacha alama za mikono kwenye kioo, nikazifuta kwa kitambaa cha mama.

Sasa ni miaka sita. Nachapa barua za watu kwenye kibanda pale Mwenge, hatua chache kutoka kwa wachonga vinyago. Michezo mipya naiona, ya rangi, yenye sauti, yenye watu wanaovuja damu. Siipendi. Inakimbia mno, na haikupi nafasi ya kugombana na mtu aliyekaa pembeni yako. Siku nikipata dakika nafungua mabomu. Nikifikia vyumba viwili vya mwisho natoka bila kubonyeza. Wenzangu wananishangaa, wanasema naogopa kushindwa. Nawaacha waseme.

Mama hajui. Wageni wakimwuliza kama Idi atarudi, anajibu, "N," na wao wanatazamana, na mie natoka kwenda kukung'uta mkeka usio na vumbi. Barua hii akisomewa, atajua leo. Baba nilimwambia juzi. Alisogeza karata zake tatu nne, akasema, "Pengine angekwenda tu." Akasogeza nyingine. "Lakini neno kama lile ungemwambia kwa mdomo, mwanangu. Na yeye angekuuliza kwa mdomo." Nimeligeuza pande zote neno la baba na sijapata pa kulipinga.

Basi nalisema kwa mdomo, hata kama mdomo wenyewe ni karatasi. Ile N haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwalimu wa Mwenge. Nilikuwa nakuambia usiende. Nilikuwa nakuambia ukae, tugombane, ninuse shati lako lenye harufu ya chumvi na dizeli, nikuharibie meli zako zote nawe uninunie siku mbili kisha uje na plasta. Kama huko uliko kuna jambo gumu na umekuwa ukijipa moyo kwamba mdogo wako alikuruhusu, nisamehe kwa kukunyang'anya moyo huo. Na kama mambo yako ni mazuri, basi yawe mazuri zaidi, ila ujue hakukuwa na siku niliyotaka uondoke.

Mashine bado ipo. Inachelewa kuamka, na plasta yako imekuwa ya kahawia, mama anakataa ibanduliwe. Nimeandika programu moja tu maishani mwangu, fupi, ungeicheka. Inauliza: UMERUDI? Unaweza kujibu N, au H, au Y, au uegemee kibodi kwa kiwiko kwa uchovu wa safari. Herufi zote nimezipa jibu moja.

KARIBU NYUMBANI. ZAMU YAKO.

Kiti chako hakina mtu, kaka.

Mdogo wako,
Zuhura