Makaroni ya Mchana Kutwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana Jumamosi inakuja na mimi nimekalia kuti kavu, naandika huku nacheka, sijui hata nianzie wapi, basi nianzie kwenye makaroni. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, tunaishi na wakwe zangu, na kazi yangu ni kupokea simu za malalamiko kwenye kampuni ya maji, yaani wiki nzima nafokewa na watu ambao mabomba yao sijayagusa, nikirudi nyumbani naitwa tena, mama soksi, mke wangu chaja, mkwe chai, mpaka Jumamosi moja nikapika makaroni ya kuku kwa vitu nilivyovikuta kabatini, nyanya ya kopo, kitunguu, maziwa ya unga, pilipili manga, na mabaki ya kuku wa Ijumaa niliyemchambua kwa vidole, chakula cha nusu saa tu na hata haifiki, lakini walivyokipenda wakauliza kinapikwaje, na shetani akanipitia nikasema, "Hiki? Hiki ni cha mchana kutwa, na mtu akifungua mlango wa jikoni kinaharibika."

Mshauri, wakaamini. Tangu hapo kila Jumamosi najifungia, napika chapchap, nafunika, kisha naketi juu ya ndoo, miguu kwenye gunia la mchele, natafuna karanga na kusikiliza mchezo wa redio, nikihisi kimya kimezidi nagonga sufuria kwa mwiko wajue bado napambana, na siku nyingine nacheza peke yangu, nacheza kweli kweli, na kabla ya kutoka najipaka maji usoni yaonekane jasho, mume wangu ananipepea kwa gazeti akisema pole, usijiue kwa ajili yetu, nami namwitikia kwa sauti ya mgonjwa.

Sasa mama mkwe, mtu mpole anayenipenda kweli, juzi baada ya kumtafutia baba mkwe miwani kwa mara ya nne alinifuata akaniambia taratibu, "Mwanangu, Jumamosi naingia na wewe huko jikoni unifundishe. Tutafunga mlango kama unavyofunga." Sina raha. Akiona chakula kinaiva papo hapo nitaumbuka mbele ya mtu ninayemheshimu kuliko wote, na saa zangu pekee za kupumua ndiyo basi tena. Nijifanye mgonjwa, au nichome chakula makusudi?

Ni mimi, Mpishi Mwenye Roho Juu

*

Mpishi wangu,

Nimecheka mpaka mhariri akachungulia kuona kama nina akili timamu. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize. Usijifanye mgonjwa na usichome kitu. Kuku ana kosa gani?

Wewe unadhani umemdanganya mama mkwe. Mama huyo alikuwa anapika kabla hujazaliwa, na unadhani hajui makaroni yanaiva kwa muda gani? Alijua tangu sahani ya kwanza, akanyamaza. Uliowapiga chenga ni mumeo, baba mkwe wako na watoto, na hao hata ungewaambia makaroni huchimbwa ardhini wangekubali. Soma tena maneno yake uliyoniandikia mwenyewe. Anayetaka kujifunza kupika huuliza habari za chumvi. Yeye amezungumzia mlango.

Lakini nawe nikugombeze kidogo. Umechoka, na neno hilo hujawahi kulitamka kwa kinywa chako, umeona heri kujipaka maji. Mwanamume anayeweza kupepea anaweza pia kutafuta soksi. Mwambie wiki hii hii, bila kilio na bila kuzungukazunguka.

Jumamosi pika mbele ya mama mkwe bila kuficha kitu. Kaanga kitunguu, tia nyanya, tia kuku, koroga maziwa ya unga uyamimine, na maji ya makaroni usiyamwage yote, bakiza kikombe ulainishe mchuzi. Ukishafunika, usianze kujieleza wala kuomba radhi, maana hakuja kukufumania. Amekuja kuomba nafasi, na ameiomba kwa adabu kuliko ulivyoipata wewe.

Kwa hiyo mwingizie kiti chenye mgongo. Akitaka kuzungumza, zungumzeni. Akitaka kusinzia, mwache asinzie. Na yeyote akigonga, jibu wewe: mama ana kazi.