Kijiko cha Mama Yako

Tarehe 3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kama nondo ya zege. Mama yako tangu apooze hasemi, ila kunikazia macho anaweza.

Kisa cha ndege shangazi yako anakisimulia vibaya, majirani nao wanakipotosha. Eti nimemwiba kiotani. Kinda nilimkuta chini ya michongoma ya uani, mkia kama njiti ya kiberiti. Mama yako, kitandani kwake dirishani, akatikisa kichwa weee, nadhani alishangazwa na ujuzi wangu. Nimejenga nyumba arobaini, kindege ndiye atanishinda? Nikamlaza kwenye kofia yangu, nikamnywesha maji kwa kijiko kilekile ninachomnyweshea mama yako. Siku ya tatu akaruka, hata kuaga hakuaga.

Kwa hiyo yale maneno yako ya kuja kumchukua mama, yaache. Kinda nimemweza, mke wangu nitamshindwaje?

Baba yako


Tarehe 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake. Huku nafua mashuka ya hospitali, mgongo unalalamika, lakini mzima.

Hiyo ya kofia imenichekesha. Ila baba, kinda wa hivyo anashuka mwenyewe kujifunza kuruka, na wazazi wake humlisha palepale chini. Wala hamiminiwi maji, yanaingia mapafuni. Mama vilevile: muuguzi alisema anyweshwe amekaa wima. Unamkalisha? Nijibu hilo tu.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, kwa sababu nasoma polepole na kwa sababu sikuipenda.

Simkalishi. Kumwinua siwezi tena, mikono iliyobeba matofali imebaki ya kushikia kijiko. Juzi maji yalimpalia. Sasa ana homa, kifua kinakoroma, daktari kasema ni mapafu.

Ndege wawili wakubwa walikuja siku mbili nzima pale kwenye michongoma, wadudu mdomoni, wanaita. Mama yako aliwaona. Kile kichwa alichotikisa, alikuwa ananikataza.

Yote niliyokuandikia ni kweli tupu, ila moja nililitunga. Kinda hakuruka. Alipaliwa mkononi mwangu, kijiko cha pili. Nimemzika na kofia yangu.

Njoo umchukue mama yako. Usingoje mwisho wa mwezi.

Baba yako