Jeneza Langoni

Wiyoni, Amu

Ndugu yangu Abdulwahid,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati una afya na kazi yako inakwenda vyema. Tima na watoto hawajambo? Mwambie Tima ubani alionipa bado ninao, naufukiza Ijumaa tu. Mimi sijambo, ila magoti. Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja jina la Badawi tu, unapandisha sauti na kutafuta tiketi. Leo soma mpaka mwisho, kisha ukasirike.

Kwanza pokea taarifa ya msiba. Bi Mahfudha, mke wa ami, alitangulia mbele ya haki Alhamisi iliyopita. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alimzaa Badawi, lakini mimi nawe pia tulikulia mikononi mwake. Mimi ndiye niliyemwosha.

Shamba letu la Siyu hutalijua ukiliona. Tangu Badawi aliuze na kufanywa meneja wa hizo nyumba za gofu, minazi imekatwa na pamepandwa nyasi, zinamwagiwa maji mchana kutwa huku watu wa Siyu wamepanga ndoo. Nyumba zimejengwa kwa mawe na makuti ili zionekane zimeota pale pale. Wanajisifu kwamba hawakugusa mikoko, wala ndege, wala ile mikwaju miwili ya kisimani. Kweli, mikwaju hawakuigusa, kwa kuwa si yao. Imo katika kile kipande alichonipa mama akiwa hai, walipozikwa baba na ami. Kipande kimebaki katikati ya nyasi zao, na njia ya kukifikia inapita langoni mwao.

Hapo ndipo mama yetu alipotaka kulazwa alipofariki, ubavuni mwa baba. Wewe hukuwapo, nami sikuwahi kukueleza yote. Wanaume walimbeba hadi langoni wakakuta limefungwa. Mlinzi, bwana mmoja wa bara aitwaye Patroba, aliwaambia kwa aibu kwamba meneja ameamuru jeneza lisiingie, kwani siku ile wanunuzi wa kwanza walikuwa wakicheza. Badawi mwenyewe hakujitokeza. Alituma mtu kusema wangoje wageni wamalize. Wakangoja juani, mama yetu mabegani mwao, na wageni hawakumaliza. Mwishowe walirudi wakamzika makaburi ya mjini, mbali na mumewe. Uliposikia ukaapa utakuja na panga. Nikakwambia niachie mimi, nawe ukadhani nakutuliza tu.

Arobaini ilipokwisha Badawi akaja na halua, ananiita dada, anataka nimuuzie kipande. Akasema wageni wameipenda mno mikwaju, na kwamba makaburi atayazungushia maua. Sikumkatalia. Nilimwambia angoje nitoke msibani, kisha nikamwambia angoje nizungumze nawe. Akangoja, na huku anajenga. Nyumba za bei kubwa kuliko zote akazielekeza mikwajuni, vibaraza vyote vikitazama pale, kwa kuamini pale patakuwa bustani yake. Niliposikia ya mwisho imeezekwa, nikaenda kwa kadhi nikakiweka kipande wakfu, kiwe makaburi ya Waislamu wa Siyu daima dawamu. Hakiuziki tena, wala hakirithiwi, hata na wanangu. Imamu akatangaza baada ya sala ya Ijumaa, kipande pamoja na njia yake.

Ningeuza, leo ningekuwa na nyumba yangu badala ya chumba hiki cha kupanga kinachovuja. Nilijua hivyo nilipokuwa natia sahihi. Badawi alikuja hapa Wiyoni akapiga kelele, akanibembeleza, akaniita mchawi. Nikampa kahawa. Akainywa, akaenda zake.

Kisha Bi Mahfudha akaugua. Alipoona hali si hali, aliita watu, akamwambia mwanawe mbele yao, “Nizikani mkwajuni kwa mume wangu. Huko ndiko nti yangu, ndiko kwetu.”

Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo yaliyotokea langoni nimeyapata kwa Patroba, alipokuja kunipa pole. Badawi alikuwa mbele, jeneza la mamake begani. Wageni walisimama nyasini na fimbo zao, wengine vibarazani. Lango lilikuwa limefungwa. Patroba akasema kwa adabu kwamba amri ya meneja haijaondolewa, jeneza haliingii wageni wakicheza, basi nani anatoa ruhusa? Badawi akasema afungue. Patroba akasema hakusikia vizuri. Ikabidi aseme tena kwa sauti, machozi yakimtoka, mpaka wageni wakasikia. Kumfukuza Patroba hathubutu. Amfukuze kwa kosa gani, la kutii amri yake?

Sasa hili usimsomee Tima. Siku ile lango lilikuwa wazi tangu asubuhi. Patroba alilifunga alipoliona jeneza linakuja, kwa sababu mimi nilimpigia simu nikamwomba, kabla sijaanza kumwosha Bi Mahfudha. Alikubali upesi, kwani tangu siku ya mama alikuwa hawezi kunitazama usoni. Nilipokuwa nikimmwagia marehemu maji nilimnong'oneza anisamehe, kwamba nitamchelewesha kidogo njiani. Uso wake ulikuwa umetulia. Sijui kama amenisamehe. Mwanawe mimi simsamehe, na raha niliyoipata Patroba aliponisimulia sitaificha kwako.

Basi panga lako kalikatie kuni. Ukija, njoo na nguo za watoto, uende ukamsomee baba Fatiha. Jana kapelekwa mzee mwingine, na lango lilikuwa wazi.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na Mola akulinde ugenini. Nami nikifa, ndugu yangu, usikubali nizikwe alfajiri. Nipitishe pale mchana, wageni wakicheza.

Ni mimi dadako,
Swafiya